Breki Ikilia, Usiizibe Mdomo
(Hotuba ya fundi mmoja kwa madereva na mafundi wanachama, Makongeni, Nairobi)



Nimeombwa kusema habari za breki za ngoma zinazolia. Huenda mwingine akafikiri ya kwamba hili si jambo la chama. Lakini gari likishindwa kusimama katika Jogoo Road, anayeulizwa kwanza ni dereva, na wa pili ni fundi. Kwa hiyo ni jambo letu.

Mtaa huu wa Makongeni ulijengwa kwa ajili ya wafanya kazi wa reli. Wazee wa reli wanajua ya kwamba palikuwa na mtu wa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo na kusikiliza. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa mlio mfu. Hakuanza kwa speana, alianza kwa sikio. Nasi tufanye hivyo.

Ngoma ni chuma cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya breki vyenye lainingi, yaani utando mgumu wa kusugulia. Ukikanyaga, viatu hutanuka vikaishika ngoma. Ukiachia, springi huvirudisha. Magari mengi madogo ya siku hizi yana diski mbele na ngoma nyuma, basi hakikisha kwanza ya kwamba mlio watoka nyuma. Kisha jiulize: breki inalia wakati gani?

Kwanza, ikilia asubuhi tu, ikanyamaza ukiisha kukanyaga mara chache, huo ni umande na kutu nyepesi. Usiifungue bure.

Pili, ikilia kila unapokanyaga, huenda ndani mmejaa vumbi, au pale viatu vinapolalia sahani ya chuma pamekauka. Au lainingi zimeng'aa kama kioo kwa moto mwingi, kama ya dereva anayeteremka Mai Mahiu mguu wake umekaa juu ya breki, badala ya kuingiza gea ndogo mapema.

Tatu, ikilia hali hukukanyaga, kiatu hakirudi. Springi zimechoka, au silinda ndogo ya gurudumu imekwama, au breki ya mkono haiachii. Baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. La nyuma lenye joto kuliko mwenzake ndilo lenye shida.

Nne, mlio ukija na kupotea kwa kadiri ya mzunguko wa gurudumu, ngoma haiko sawa katika mviringo wake.

Tano, ukisikia chuma kinakwaruza chuma, lainingi imekwisha. Gari lisiende tena.

Katika kufungua, weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele kwa vigingi, wala usiamini jeki peke yake. Achia breki ya mkono ndipo uvute ngoma. Fungua upande mmoja, wa pili uwe kielelezo chako. Tia grisi ya kustahimili moto, kidogo sana, pale viatu vinapolalia sahani tu. Isiguse lainingi kamwe. Lainingi iliyolowa mafuta hutupwa, haichomwi kwa petroli. Na kabla ya kufunga mpya, ziba kwanza panapovuja. Ukibadili viatu vya kushoto, badili na vya kulia.

Tena, ndugu mafundi, msipulize vumbi la breki kwa hewa ya pampu. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo huleta kansa ya mapafu, pengine baada ya miaka 20 au 30. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 162 juu ya asbesto mwaka 1986. Wewe huwezi kujua kwa macho kama imo. Basi lowesha vumbi kwa maji, pangusa kwa kitambaa, ukifunge mfukoni na kukitupa. Wala usiende nyumbani na nguo za kazi ukabeba mtoto.

Sasa neno la mwisho. Nilipokuwa kijana, msimamizi mmoja aliniambia nipake mafuta breki inyamaze, gari liende. Nilitii. Breki ilinyamaza kweli, na gari halikusimama mpaka lilipofika ukutani. Hakufa mtu, lakini dereva alifutwa kazi, nami sikufungua mdomo. Leo naufungua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema ya kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Basi breki ikilia, andika: tarehe, namba ya gari, mlio ulivyo, na jina la uliyemwambia. Weka nakala, umpe na mjumbe wa chama. Neno la mdomo hukanwa siku ya ajali, karatasi haikanwi.

Breki inayolia bado inakupa nafasi. Isikilizeni.