Kakao, Bamia na Namba za Forodha

Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, haikosi watu wa kupanga mimea. Gunia lolote linalovuka mto Lubiriha kuelekea Mpondwe lina sura yake katika orodha ya forodha ya dunia: kahawa sura ya 9, pamoja na chai na vanila, kakao sura ya 18, magome ya mkwinini sura ya 12, kwenye mimea ya dawa. Wapo wasomi, tena wenye shahada nzito, wanaodai mpangilio huo unatosha. Mimea ipangwe kwa kazi yake, wanasema, maana wanabotania wenyewe hawatulii: familia ya leo kesho haipo.

Kwamba hawatulii ni kweli. Mwaka 1753 Linnaeus aliyagawa maua kwa kuhesabu stameni zake. Kahawa inazo tano, tumbaku tano, basi zikawekwa darasa moja. Mwaka 1789 Jussieu akaleta familia za asili, na yaliyofuata yamo vitabuni. Lakini kila badiliko lilisahihisha kosa lililoonekana. Sura ya 18 haisahihishwi namna hiyo, kwa kuwa haidai lolote kuhusu mmea.

Mkakao ndio shahidi. Katika mashamba ya Beni maua yake hutoka kwenye shina lenyewe, madogo, stameni zikiwa zimejificha ndani ya vifuko vya petali. Mhadhiri mmoja wa botania aliwahi kumwonesha ua hilo mnunuzi wa kakao aliyekuwa mkongwe wa biashara. Mzee alidhani ni kuvu. Ua likipasuliwa kwa wembe, stameni zinaonekana zimeungana chini kuwa neli fupi. Ua la bamia lina neli kama hiyo, ila ndefu. Na gome changa la mkakao hutoa utelezi ambao mpishi wa dongodongo, yaani bamia, angeutambua mara moja.

Hata hivyo vitabu viliitenganisha mimea hiyo miwili. Kitabu ambacho mhadhiri hukifungua kwanza ni flora ya Walter Robyns ya Hifadhi ya Albert, Virunga ya leo: juzuu tatu za Kifaransa, ya pili ikitangulia kutoka mwaka 1947, ya kwanza 1948, ya tatu 1955. Kuanzia nyika za Semliki hadi vilele vya Ruwenzori, kila jani limeelezwa kwa subira ambayo haionekani tena. Lakini kwa mazoea ya wakati ule, jamaa za kakao na za bamia zilikaa familia mbili. Mwaka 1998 kundi la wanabotania la APG, likitegemea DNA, liliziunganisha pamoja na mbuyu na msufi katika Malvaceae. Mhadhiri anashikilia kwamba wembe na lenzi vingetosha. Wenzake wa maabara wanamcheka.

Virusi viliwatangulia wote. Ugonjwa wa kuvimba machipukizi ya mkakao ulitambuliwa Ghana mwaka 1936, na virusi vyake baadaye vikakutwa porini kwenye misufi, mibuyu na jamaa za mkola. Mkaguzi anayepanga kwa kazi asingeitazama miti hiyo.

Kahawa inawaumbua zaidi wanaopanga kwa kazi. Forodha huipa Robusta na Arabika namba ileile, 0901. Kuvu la mnyauko lililoangamiza Robusta za Beni na Uganda katika miaka ya 1990 liliiacha Arabika, ambayo ina kromosomu 44, Robusta 22. Arabika yenyewe ni uzao wa Robusta na Coffea eugenioides, kahawa ya mwituni ya nyanda zetu za juu, yenye kafeini kidogo. Eugenioides haina gunia wala bei Kasindi. Kwa mpangilio wa kazi ni kichaka cha kufyekwa, wakati watafiti wa mbegu huitafuta kwa ajili ya jeni zake.