Mkalimani wa Kompyuta

 

Mto Ngerengere hutoka milima ya Uluguru, hupita bwawa la Mindu, kisha huungana na Ruvu. Mto wa namna hii hupimwa kina chake. Tuseme kando ya mto pana chombo kinachopima na kuweka hesabu ndani yake, mpaka mtu aje na kompyuta kuzichukua. Baadhi ya vyombo hivyo vikijaa, hufuta hesabu za zamani. Ukichelewa, hesabu za masika nzima hupotea!

Sasa shida ni nini? Vyombo vingi vya namna hiyo vina tundu la pini 9, la kanuni ya RS-232 iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Kompyuta nyingi za siku hizi zina tundu la USB tu. Kwa hiyo tunanunua waya wa kuunganisha matundu haya mawili. Ndani ya waya huo mna chipu, na kompyuta haielewani na chipu bila programu iitwayo draiva.

Draiva ni mkalimani. Akija mgeni Mmasai, mkalimani wa Kiluguru atafaa nini? Basi usiangalie jina la waya dukani. Tafuta jina la chipu. Zijulikanazo sana ni za FTDI, za Prolific na CH340.

Fanya hivi. Kwanza, chomeka waya, ufungue dirisha la Windows liitwalo Device Manager. Ukiona alama ya njano, mkalimani hayupo, au aliyepo hafai. Pili, chukua draiva katika tovuti ya mtengenezaji wa chipu. Tatu, soma namba itakayotokea, kwa mfano COM3. Programu ya kusomea hesabu lazima itumie namba hiyo hiyo, na mwendo ule ule wa chombo, kwa mfano 9600. Mwendo ukikosewa, utaona herufi zisizosomeka.

Jihadharini na chipu za bandia. Mwaka 2014 draiva mpya ya FTDI ilibadili namba ya utambulisho ya chipu zilizoiga zake, na kompyuta zikaacha kuzitambua. Nazo draiva mpya za Prolific hukataa baadhi ya chipu zake za zamani.

Kosa liko wapi? Chomoa waya kwenye chombo, uunganishe pini 2 na pini 3 za waya kwa kipande cha chuma chembamba. Andika herufi. Zikirudi, na zikikoma ukitoa chuma, waya na draiva ni vizima. Kagua mwendo na chombo. Zisiporudi, kagua namba ya COM na draiva, kisha jaribu waya mwingine.

Jadilianeni darasani: kwa nini tunajaribu waya kabla ya kufungua chombo?