Kidole Kimoja: Kabla ya Kisu Kugusa Neva ya Mguu



Mgonjwa anapokuja kwangu akisema miguu inamwaka moto, namwomba avue viatu, kisha anionyeshe panapouma. Hapo nautazama mkono wake. Wapo wanaoweka kidole kimoja, kati ya kidole cha tatu na cha nne cha mguu, na hawakiondoi. Wengine hupitisha kiganja kizima, mguu huu na huu, toka vidoleni hadi vifundoni, kama mtu anayevaa soksi. Wote huniuliza swali moja: "Daktari, si unipasue tu nipone?"

Huyu wa kidole kimoja, mara nyingi neva yake imebanwa. Thomas George Morton, daktari wa upasuaji wa Philadelphia, aliyaeleza maumivu hayo mwaka 1876, yakabaki na jina lake, ingawa Lewis Durlacher, mtabibu wa miguu wa London, alikwisha kuyaandika mwaka 1845. Vitabu huyaita nyuroma ya Morton, na mgonjwa akiambiwa kuwa ana "uvimbe kwenye neva" hukosa usingizi bure. Si saratani. Ni kovu lililoivaa neva pale inapopita chini ya kano inayofunga vichwa vya mifupa ya wayo. Kiatu chenye ncha nyembamba na kisigino kirefu hushusha uzito mbele, na neva ikasagwa kila hatua.

Namkumbuka mwalimu mmoja aliyekuwa akivua kiatu chini ya meza huku akisahihisha madaftari, akikanda vidole mpaka maumivu yapoe. Nilipoubana wayo wake kwa pembeni, nilisikia mlio mdogo chini ya kidole changu, kama wa mtu anayealisha vidole. Daktari aitwaye Mulder aliueleza mlio huo mwaka 1951.

Kisu kina nafasi hapa, lakini si nafasi ya kwanza. Hutangulia kiatu kipana, pedi ndogo nyuma ya vichwa vya mifupa ili viachane, kisha pengine sindano ya steroidi. Hayo yakishindwa, mara nyingi tunaikata neva yenyewe na kuitoa. Hilo lazima mgonjwa alisikie waziwazi kabla ya kutia sahihi: pale kati ya vidole patabaki ganzi, kwa kawaida maisha yake yote. Na kisiki cha neva kinaweza kuota kovu jipya, likauma kuliko la kwanza. Wengi hupata nafuu kubwa. Wapo wasioipata, na hao pia ni wagonjwa wetu.

Yule wa soksi ana habari nyingine. Mara nyingi ni kisukari: neva zinaugua zenyewe, na zile ndefu kuliko zote, zinazofika vidole vya miguu, ndizo hutangulia. Umkate wapi? Wapo madaktari wa upasuaji, maarufu kati yao A. Lee Dellon wa Marekani, wanaotetea kuzifungulia neva hizo njia, wakisema neva iliyovimba kwa sukari hubanika upesi. Nimezipima hoja zao na sijashawishika; ushahidi bado ni mwembamba, na kidonda kwenye mguu wa kisukari nimekiona kikianza na ukucha kikaishia gotini.

Tena si kila soksi ni ya sukari. Metformin, dawa ile ile ya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Isoniazid, dawa ya kifua kikuu, huweza kuchoma neva asipopewa mgonjwa vitamini B6. Wanafunzi wangu, ulizeni dawa anazomeza kabla hamjauliza atalazwa lini.

Nilipomweleza mwalimu yule kuhusu ganzi ya upasuaji, aliniuliza: "Ganzi hiyo nitaisikia nikikanyaga?" Nikamwambia, "Mwalimu, utaisikia zaidi ukivaa soksi. Vidole hivyo vitakuwa kama vya mtu mwingine." Akanyamaza kidogo, akaomba ajaribu viatu na sindano kwanza. Baada ya miezi mitatu alirudi amevaa raba pana, akakaa, akavua, akaweka kidole palepale. Ndipo nilipomwandikia tarehe ya upasuaji.