Cheti cha Babu: Wamarekani Wanaotafuta Uraia wa Pili



Mada yangu inahusu Wamarekani wanaoomba uraia wa nchi nyingine huku wakibaki na wa kwao, kwa kuwa siasa za nyumbani zimewakatisha tamaa. Ninachotaka kukisema ni hiki: mlango wa uraia pacha haufunguliwi na ukubwa wa uchungu wa mtu. Unafunguliwa na karatasi alizoacha babu yake.

Marekani yenyewe haimzuii raia wake. Mwaka 1967, katika kesi ya Afroyim dhidi ya Rusk, Mahakama ya Juu iliamua kuwa serikali haiwezi kumvua mtu uraia bila ridhaa yake. Afroyim alikuwa amevuliwa uraia kwa sababu alipiga kura nchini Israeli. Kinachomwandama Mmarekani ughaibuni ni kodi, kwani nchi yake humtaka atoe taarifa za mapato hata akiwa amehamia Dublin moja kwa moja.

Wengi hawana haraka ya kuhama. Wanataka pasipoti ya pili iwepo kabatini, tahadhari kabla ya hatari. Ushindi wa Donald Trump mwaka 2016, na tena mwaka 2024, uliongeza hofu miongoni mwa wapinzani wake. Mwaka 2024 Wamarekani zaidi ya 6,000 waliomba uraia wa Uingereza, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa tangu takwimu hizo zianze kuwekwa mwaka 2004. Siasa si sababu pekee, lakini imo.

Njia rahisi ni ya damu. Ireland humwandikisha mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho, hata kama yeye hajawahi kukikanyaga. Italia ilikuwa na mkono wazi zaidi, hadi ilipotoa amri ya Machi 2025 iliyowabana wengi: sasa, kwa kawaida, ukoo unaohesabiwa unaishia kwa mzazi na kwa babu au bibi. Waliokuwa wakikusanya vyeti vya babu wa babu walijikuta nje. Ujerumani ina historia nzito kuliko zote. Kifungu cha 116 cha Katiba yake kinawarudishia uraia waliovuliwa kati ya 1933 na 1945 kwa sababu za kisiasa, za rangi au za dini, pamoja na wazao wao. Wajukuu wa Wayahudi waliokimbilia New York kuokoa maisha yao leo wanaomba pasipoti ya nchi ileile iliyowafukuza wazee wao. Siwezi kulitaja jambo hilo bila kuguswa.

Sasa tumtazame Mmarekani mweusi. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana wao. Majina yao wenyewe, isipokuwa kwa nadra sana, hayakuandikwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaorodhesha wote kwa majina. Mjukuu wao atapeleka cheti gani ubalozini? Mtu ambaye familia yake imedhulumiwa na dola kwa vizazi vingi ndiye asiye na karatasi ya kumtoa. Huo ni udhalimu uliorithiwa, na sheria za damu za Ulaya haziugusi.

Jibu limeanza kutoka Afrika. W.E.B. Du Bois, mwanazuoni Mmarekani mweusi, aliponyimwa pasipoti mpya na serikali yake, alichukua uraia wa Ghana mwaka 1963, akafia Accra mwaka huohuo. Novemba 2024 Ghana iliwapa uraia watu 524 wa asili ya Afrika kutoka ughaibuni, wengi wao Wamarekani. Miezi miwili kabla, Benin ilipitisha sheria ya uraia kwa wazao wa waliosafirishwa utumwani, na inapokea kipimo cha vinasaba kama ushahidi.

Katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki, Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010; Tanzania bado haiuruhusu kwa watu wazima. Kwa wanasheria na wabunge wa ukanda wetu, ombi langu ni hili: siku mtakapoandika au kurekebisha sheria hizi, msikifanye cheti cha kuzaliwa cha babu kuwa ushahidi pekee wa asili ya mtu.