Kete za Mtoto wa Butiama: Jinsi Watu Wanavyofikiri na Kutatua Matatizo

Katika masimulizi ya utoto wa Mwalimu Nyerere kuna kisa kinachorudiwa sana. Chifu Mohamed Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo iko Bunda, alikuwa akicheza bao na mtoto wa Chifu Burito wa Butiama. Alipoona mtoto anavyozihesabu kete, akamshauri mzee wake ampeleke shule, na mwaka 1934 kijana akaanza masomo Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12 hivi. Kwa kawaida tunakielewa kisa hiki kana kwamba akili ni maji mtungini: aliyejaaliwa mtungi uliojaa atamimina popote, kwenye bao, kwenye hesabu, hata Ikulu. Chifu alishauri vema. Sababu tunayombandika ndiyo yenye kasoro, na kasoro hiyo hutugharimu darasani.

Tuanze na wachezaji wenyewe. Mholanzi Adriaan de Groot, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1946, aliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde chache, kisha akauondoa. Mabingwa waliweza kuupanga upya karibu wote. Wasio mabingwa walikumbuka kete chache tu. Ungedhani hiyo ni kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani walirudia jaribio hilo, ila wakaongeza ubao ambao kete zake zilitawanywa ovyo, pasipo mpangilio wowote wa mchezo. Hapo ubingwa uliyeyuka, bingwa na anayejifunza wakawa karibu sawa. Bingwa, kumbe, haoni kete moja moja. Huona mafungu anayoyafahamu, kama msomaji anavyoona neno badala ya herufi; ukimnyima mafungu hayo, anabaki na kichwa kama cha mtu mwingine yeyote. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mabingwa wa Zanzibar, ambao Alex de Voogt aliandika juu yao mwaka 1995, hufuata kichwani mizunguko mirefu ya kete inayompoteza mgeni mapema. Sioni sababu ya kudhani kwamba kwa ustadi huo pekee wangesimamia benki vizuri kuliko jirani zao.

Basi Makongoro aliona nini? Kwa maoni yangu, aliona mtoto anayejifunza upesi kwa aliyemzidi, na hilo si sawa na kujua tayari. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule karibu na Bagamoyo. Watoto walipewa mafumbo ya kupanga vitu katika makundi, ya kufikia hitimisho, na ya kuuliza maswali 20 hadi jibu lipatikane. Baadhi yao wakaelekezwa namna ya kuyaendea, kwa muda usiofika saa moja, kisha wote wakapimwa tena. Walioelekezwa walipanda. Lililo zito zaidi ni kwamba nafasi zao zilipanguka: alama za kwanza hazikuweza kubashiri vizuri nani angeongoza baadaye. Wasioelekezwa walibaki takriban pale pale. Kando ya Ziwa Victoria, ziwa hili hili letu la Musoma, huko Usenge nchini Kenya, utafiti wa mwaka 2001 ulikuta kwamba watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama ndogo zaidi za msamiati wa shuleni. Hao si wajinga; muda wao ulikuwa umewekezwa kwingine.

Mtu anaweza kupinga: ikiwa ujuzi wa mahali ndio unaofikiri, mwalimu ni wa nini? Pingamizi hili lina jibu, kwa sababu ujuzi huo huo hufunga macho. Mwaka 1942 Abraham Luchins aliandika juu ya watu aliowapa vyombo vya maji vya vipimo 21, 127 na 3, wapate 100. Unajaza kikubwa, unatoa 21 mara moja na 3 mara mbili. Baada ya mafumbo kadhaa ya namna hiyo akawapa vyombo vya 23, 49 na 3, wapate 20. Asiyezoea angetoa 3 katika 23 na kumaliza. Wengi wa waliozoea walizunguka njia ile ile ndefu. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na Serengeti vinaijua hali hii bila kumsoma Luchins. Tembo wakivamia shamba, watu hupiga madebe. Tembo hukimbia mwanzoni, kisha huzoea kelele isiyoumiza, na watu huongeza madebe. Swali limebaki "tuwafukuzeje?" ilhali lingeweza kuwa "wanafuata nini, na kwa nini msimu huu?" Hilo la pili hufungua njia ya kubadili zao la mpakani, kupaka kamba pilipili na oili chafu, au kutundika mizinga ya nyuki.

Wengine watasema watoto hawalingani vipaji. Sikatai. Ninachokataa ni kukata shauri juu ya kipaji kwa sababu ya kimya cha mtoto mbele ya swali ambalo hajawahi kuona mfano wake. Gumu zaidi ni lalamiko la darasa lililofurika na mtihani wa Darasa la Saba unaosubiri, na mada hii haina dawa yake, ila tukumbuke kwamba Bagamoyo haikuhitaji hata saa moja. Mwalimu wa Musoma aulize kwa nini mitumbwi ya dagaa hutoka na taa usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu. Mtoto wa mvuvi atajibu kabla ya wenzake. Kisha aulize: na mwezi mpevu ukifunikwa na mawingu usiku kucha? Hapo mtoto wa mvuvi na mtoto wa karani wanakaribia kuwa mstari mmoja, na mwalimu anaweza kusikiliza ni nani kati yao anarudisha swali.