Saa 72 Kutoka Mlimani Hadi Bwera

Tuzungumzie saa 72. Ndani ya muda huo, aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na kila saa inayopita hupunguza kinga. Sasa mfikirie msichana wa milimani, juu ya mji wa Bwera, magharibi mwa Uganda. Boda boda ya kumteremsha hadi hospitali inataka pesa, na huko nyumbani wazee wa pande mbili wameshaketi kujadili fidia.

Wanaotetea kikao hicho wana hoja: kesi huchukua muda mrefu, mashahidi huchoka, na jirani hubaki jirani. Nawaelewa. Lakini mbuzi wa fidia hazuii virusi wala mimba, na ubakaji ni kosa la jinai, si deni la ukoo.

Jambo jingine, na hili lishike: matibabu hayangoji polisi. Fomu 3A ya polisi ni ya ushahidi. Nenda hospitali kwanza, usioge, na nguo ulizovaa wakati wa tukio ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwa mtoto aliyebakwa, piga simu 116, ni bure.

Je, usiku wa tukio, nani atalipa boda boda, na nani atakaa na msichana huyo hadi kesi iishe?