Baada ya Kijiti: Kuwafuata Wanandoa Vijana wa Eastlands



Sisi wahamasishaji wa afya ya jamii tuache kuwahubiria vijana wa Kayole, Dandora na Umoja hapa Nairobi kwamba watoto wengi ni gharama. Wanajua, wao ndio wanaolipa kodi na kununua maji kwa mtungi. Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa upangaji uzazi mwaka 1967, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa wastani wa watoto 8. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta 3.4, na Nairobi 2.5. Somo la idadi limeshaeleweka.

Tunapowapoteza ni baada ya kliniki. Chukua mke wa miaka 21, mtoto wake wa kwanza bado ananyonya. Amewekewa kijiti cha kupanga uzazi. Mwezi wa pili damu inamtoka matone matone, siku nenda siku rudi, na hakuna aliyemwonya. Penye kamba ya nguo jirani anamwambia kizazi kinaoza. Usiku mume anauliza mbona pedi haziishi, kumbe hata hakujua kama mkewe ana kijiti. Nyumba inawaka moto. Wiki inayofuata kijiti kimetolewa, nasi kwenye ripoti ya mwezi tunajisifu kwamba tumepata mteja mpya!

Kwa hiyo madhara yatajwe mapema, bila kupakwa sukari. Kijiti na sindano hubadilisha hedhi: wengine hupata matone, wengine hukauka kabisa, na damu isiyotoka haijajikusanya tumboni. Anayetaka mtoto wa pili karibuni aambiwe pia kwamba akiacha sindano ya miezi mitatu, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa. Kijiti au koili ikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Hesabu hiyo wanandoa wanaielewa haraka kuliko takwimu zetu zote.

Na mume? Tukibisha hodi saa nne asubuhi tunamkuta mke peke yake. Mwenzake yuko mjengo, soko la Gikomba au steji ya boda boda. Tumfuate huko abiria wakipungua, au kwa kinyozi Jumamosi jioni, na aende mhamasishaji mwanamume. Si jambo jipya: mwaka 1987 mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana ulikuwa tayari unaingiza upangaji uzazi kwenye mazungumzo ya nyumbani, wanaume wakiwemo.

Lakini mke aulizwe kwanza, faraghani, kama anataka mumewe aambiwe. Wapo wanaoficha kadi ya kliniki kwa kuogopa kipigo, na ruhusa ya mume si sharti la huduma. Mhamasishaji atakayepeleka habari hiyo steji bila ridhaa ya mke atakuwa ametenda kosa kubwa kuliko aliyekaa nyumbani.

Tangu Septemba 2023 serikali imetupa simu na mikoba ya kazi, tukiwa wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini. Ombi langu kwa kaunti ni dogo: kila anayeanza njia ya kupanga uzazi atembelewe tena kabla mwezi wa pili haujaisha, na ripoti ionyeshe ni wangapi bado wanaendelea na ni wangapi wameacha, pamoja na sababu waliyoitaja wenyewe.